Siku Bi Mapovu Alipozima Pampu

Jina lake la kuzaliwa pale kazini walishalisahau. Hata mlinzi wa getini, ambaye kazi yake ni kujua majina ya watu, alimwita Bi Mapovu, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Jina hilo alilipata kihalali. Tangu alipokabidhiwa chumba cha matangi katika maabara ya maji, hakukubali samaki hata mmoja akae kwenye maji yaliyotulia. Kila tangi lilikuwa na mpira wake mwembamba, kila mpira ulikuwa na kijiwe chake cha kutoa mapovu, na pampu ya hewa iliyofungwa ukutani ilinguruma kutwa kucha kama paka aliyeshiba. Ukiingia humo ukaongea kwa sauti ya kawaida, husikiki. Wenzake walimtania kwamba bado kidogo tu atawashonea samaki mito ya kulalia.

Waache wacheke. Alikuwa na haki ya kuringa. Kazi ya chumba kile, ukiivua maneno yake makubwa, ni kuua samaki kwa mpangilio. Kiwanda kinaleta maji yake machafu, watu wa maabara wanayachanganya na maji safi, tangi hili kidogo, lile zaidi, lile zaidi tena, kisha wanatia vifaranga wa perege na kukaa siku nne wakiangalia nani amekufa na nani amebaki. Pembeni linawekwa tangi la maji matupu, yasiyotiwa kitu. Hao wa maji matupu wakianza kufa, jaribio zima linatupwa, maana huwezi kuisingizia sumu vifo wakati hata ambao hawakuionja wamekufa. Maabara nyingine zilikuwa zinalia kila siku na samaki wao wa maji matupu. Kwa Bi Mapovu, miaka nenda miaka rudi, hawakufa.

Alikuwa binti wa fundi magari. Alikulia kwenye gereji ya uani, kati ya matairi na injini zilizofunguliwa matumbo, na baba yake, mtu mpole kwa mengi, aligombeza nyumba nzima kwa kosa moja tu: kuacha kopo la petroli bila kifuniko. Alipomwambia baba huyo kwamba anataka kusomea samaki, mzee aliweka spana chini akamtazama kama mtu aliyetangaza kuhamia mwezini. Binti akamjibu kwamba samaki angalau hawapigi honi. Mzee alicheka hadi akakaa, na ruhusa ikapatikana hapo hapo.

Aliolewa na fundi bomba, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Waliishi vizuri hadi kiwanda alikofanya kazi mume kilipofungwa. Tangu hapo akawa mtu wa kuzibua masinki ya majirani, nusu yao wakimlipa kwa kumwombea dua. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma mkewe. Mwanamume aliyezoea kuamka kabla ya jogoo sasa alikuwa anaamka wakati ule ule, anakaa ukingoni mwa kitanda, anaviangalia viatu vyake vya kazi, anavisukuma tena uvunguni.

Ndipo likaja jambo la kiwanda cha vipuri. Kiwanda hiki kilikuwa kinaosha vyuma kabla ya kuvipaka rangi, na kwa kuoshea kilitumia kimiminika cha jamii ya haidrokaboni, ndugu wa petroli na mafuta ya taa, kile kinachokata grisi kama kisu. Kilitaka kuongeza sehemu mpya, na mume wa Bi Mapovu aliahidiwa kazi humo: msimamizi wa mabomba. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kumwaga maji ya kuoshea kwenye bwawa lililo nyuma ya mji, bwawa ambalo watu wanavua samaki wake na wengine wanakunywa maji yake. Kibali kilisubiri samaki. Na samaki walikuwa wa mkewe.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara akamweleza yote, kwamba mumewe ana ahadi ya kazi pale na kwamba kama anaona vema, kazi apewe mtu mwingine. Mkuu, mtu mnene mwenye tabia ya kujikuna kidevu anapofikiri, alisema hana mtu mwingine anayeweza kukaa na samaki siku nne bila kuwaua kwa uzembe wake mwenyewe.

"Kibali hutoi wewe wala mimi," alimwambia. "Wanatoa samaki. Wewe waangalie tu."

Akawaangalia. Siku ya kwanza, dumu la sampuli lilipofunguliwa, harufu iliwapiga usoni hadi macho yakatoka machozi. Katika lile tangi kali kuliko yote, vifaranga walianza kwenda upande upande kama walevi waliotoka kwenye sherehe. Lakini mchana haujaisha, walevi wakazinduka. Mmoja akajinyoosha, mwingine akafuata, na jioni wote walikuwa wanazunguka kwa mstari kama wanafunzi. Siku nne zilikwisha bila samaki hata mmoja kufa, si kwenye maji makali, si kwenye maji matupu.

Mkuu alifurahi kwa sababu kazi iliyokwenda vizuri haina simu za usumbufu. Mhandisi wa kiwanda alifurahi kwa sababu anazozijua. Na Bi Mapovu, kwa nini nimfichie, alifurahi kuliko wote. Matokeo hakuruhusiwa kuyasema nyumbani, lakini sura ya mtu haina kufuli. Mumewe alimtazama mara moja tu wakati wa chakula, na baadaye alionekana uani na kopo la dawa ya viatu, anapaka na kusugua, anapaka na kusugua, akipiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata taarifa ilikuwa tayari mezani kwa mkuu, inasubiri saini ya Bi Mapovu. Saini ilichelewa kwa sababu ya nguo chafu.

Nyumbani mwao alikuwapo mama mkwe, bibi mfupi mwenye pua ambayo familia nzima iliiogopa. Ndiye aliyekuwa anajua nani amevuta sigara, nani amepita kwa nani, na maziwa gani yataharibika kesho. Asubuhi hiyo alikuwa anachambua nguo za wiki nzima kabla ya kuziloweka. Bi Mapovu alikuwa anatafuta mkoba wake atoke, mama mkwe akamzuia, mkononi ameshika kimoja cha vitambaa vyake vya kichwa vya kazini.

"Mwanangu, hiki sikichanganyi na sare za watoto. Kinanuka kama stovu."

Bi Mapovu akamwambia ni kazi, mama, samahani, viweke pembeni vyote vya wiki hii nitavifua mwenyewe.

"Vyote vya nini?" mama mkwe akajibu. "Hivi vingine nimevinusa. Safi kabisa. Ni hiki kimoja cha siku ile ya kwanza."

Bi Mapovu alikaa kwenye kigoda, mkoba mapajani. Akavichukua vile vitambaa akavinusa mwenyewe kimoja kimoja, mama mkwe akimtazama kwa mshangao. Siku ya kwanza, harufu ya kukata. Siku ya pili, sabuni na jasho. Siku ya tatu, jasho tu. Alikuwa kwenye chumba kile kile, juu ya matangi yale yale, kutwa nzima, siku zote nne. Kichwani mwake akamwona baba yake mlangoni pa gereji, kopo mkononi, akilitikisa ili watoto wasikie jinsi lilivyobaki tupu, akiuliza ni nani aliyelilipia jua lijinywee petroli yake.

Alikwenda kazini haraka kiasi kwamba mlinzi alimsalimia mgongo. Aliingia chumba cha matangi, akainama juu ya lile tangi kali kuliko yote, akavuta pumzi. Maji. Maji yenye harufu ya samaki, basi. Kimiminika chote kilikwisha kupaa siku ile ile ya kwanza, na kilichokipandisha kilikuwa mapovu yake. Ile pampu yake ya fahari ilikuwa imeipuliza sumu nje ya maji, ikaitia chumbani, ikaingia kwenye kitambaa chake, na samaki wakabaki wanaogelea kwenye maji safi. Walevi hawakuzinduka eti kwa sababu pombe ilikuwa dhaifu. Walizinduka kwa sababu waliondolewa glasi mdomoni.

Alijichukia. Hakuna neno jepesi zaidi la kuliweka hapo. Na mara tu baada ya kujichukia alifikiria viatu vilivyong'arishwa, na kwa muda, muda mfupi lakini ulikuwapo, alitamani mama mkwe angekuwa na mafua.

Kisha akaenda kwa mkuu. Alimkuta anachovya mkate kwenye chai, akamweleza akiwa amesimama. Mkuu alisikiliza, mkate ukakatikia kikombeni.

"Si hata kwenye bwawa kitapaa vile vile?" aliuliza.

Akamweleza kwamba haiwezekani. Bomba la kiwanda linapita chini ya ardhi na kutokea chini ya maji, mbali na hewa, na halimwagi mara moja likaacha kama dumu lao. Linamwaga kila siku ya kazi. Samaki wa bwawani hawana pampu ukutani. Mkuu alijikuna kidevu hadi kikawa chekundu. Alisema kamati ya vibali inakaa wiki ijayo, kiwanda kimeshaambiwa mambo ni mazuri, na Bi Mapovu akirudia jaribio kwa kuwafungia samaki kwenye chupa ili sumu isitoke, samaki watakufa kwa kukosa hewa, na wakifa hivyo kiwanda kitawacheka mbele ya watu.

"Nitafunga na wa maji matupu vile vile," alisema Bi Mapovu. "Chupa ile ile, kifuniko kile kile. Wakiishi hao, hakuna wa kutucheka."

"Na wakifa?"

"Wakifa nitasaini hii uliyonayo hapo."

Mkuu aliikunja taarifa, akaitia kwenye droo. Alikubali, shingo upande, kwa nafasi moja tu.

Sasa, kumwambia mwanamke yule afunge samaki kwenye chupa bila povu hata moja ni sawa na kumwambia mama amnyime mtoto maji. Alitafuta chupa kubwa za kioo zenye vifuniko vya kusokota, akazijaza hadi mdomoni pasibaki nafasi ya hewa, na kwanza akajaribu na maji matupu peke yake. Siku iliyofuata alikuta vifaranga wake wamelala chini wote, midomo wazi. Kwenye maji safi. Yeye, ambaye hakuwahi kupoteza mmoja. Alijifungia stoo kati ya mafagio na madumu, akalia, na aliona haya kulia kwa ajili ya samaki wa urefu wa kidole.

Alipotoka alikuwa ameshaacha kulia na ameanza kufikiri. Alikuwa ametia samaki wengi mno, na wakubwa mno, na walikuwa wameshiba, na samaki aliyeshiba anakula hewa nyingi kama anavyokula chakula. Akachagua wadogo kabisa, wawili wawili kwa kila chupa, chupa nyingi badala ya chache. Hakuwalisha. Maji aliyapuliza mapovu kwanza, usiku kucha, kwa pampu ndogo ya stoo, hadi yakashiba hewa, ndipo akayatia kwenye chupa, na ndipo tu akatia sumu kwa bomba la sindano hadi chini kabisa, akafunga kifuniko upesi. Kila asubuhi angewahamishia kwenye chupa mpya iliyotayarishwa vile vile, na sumu mbichi kutoka kwenye dumu jipya. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Wenzake walimwuliza kama amerogwa. Aliendelea kuhesabu mashavu ya samaki yanavyofunguka.

Nyumbani alilazimika kusema kitu, kwa sababu habari za kuchelewa kwa kibali zilimfikia mumewe kwa njia ya kiwandani kabla hazijafika kwa njia ya kitandani.

"Wanasema unarudia," alisema mume.

"Narudia."

"Kitu kilichofaulu?"

Alimwambia hakikufaulu, kilipaa tu. Mume hakuuliza kilipaa wapi. Aligeukia ukutani, na viatu vikarudi uvunguni bila kusukumwa kwa nguvu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kama vingesukumwa kwa nguvu. Jikoni, mama mkwe, aliyekwisha kuunganisha mambo kwa akili yake mwenyewe, alikuwa anamenya vitunguu na kujisemea kwamba pua yake hii imemponza mwanawe. Bi Mapovu alisimama mlangoni akataka kumfariji. Alichukua kisu kingine wakamenya pamoja.

Jaribio la chupa lilipoanza, matangi yote yakiwa hayana samaki, akazima pampu. Chumba kikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe, kimya cha kumfanya mtu asikie saa yake mwenyewe mkononi. Aliuchukia ukimya ule. Lakini hakuondoka.

Samaki wa chupa kali kuliko zote walikwisha siku ya kwanza. Safari hii walevi hawakuzinduka; walikwenda upande, wakapinduka, wakatulia. Wa chupa zilizofuata walikwisha siku ya pili. Siku ya tatu walianza kwenda wale wa chupa ambazo yeye mwenyewe angeapa kwamba ni hafifu mno kumdhuru mdudu. Na kila mara alipomwondoa aliyekufa, aligeuka haraka kwenye chupa za maji matupu. Mmoja wao siku ya tatu alipanda juu akabaki amegusa kifuniko kwa mdomo. Bi Mapovu alisimama mbele yake muda mrefu sana. Hata mkuu alikuja, akainama na tumbo lake lote, pua yake kwenye kioo, wakawa wawili wanamwangalia samaki mmoja asiyejua kwamba kila kitu kiko juu ya mgongo wake. Yule samaki alishuka taratibu hadi chini akaanza kuzunguka. Mkuu alinyooka akasema anakwenda kunywa maji.

Siku ya mwisho mlinzi alipiga simu ndani kwamba kuna mtu wa Bi Mapovu getini, na kwamba sura yake si ya salamu. Alikuwa mumewe. Alikuwa amevaa shati lake la kwendea kwa watu, na alikuwa amekuja kusema jambo ambalo alilipanga njia nzima, hilo lilionekana jinsi alivyofungua mdomo mara mbili. Bi Mapovu hakumpa nafasi. Alimshika mkono akampitisha koridoni hadi chumba cha matangi, akamvalisha glavu, akamsimamisha chini ya feni ya kuvuta hewa chafu.

Kwanza alimpa maji ya lile tangi la zamani, yaliyokuwa bado kwenye ndoo. Akamwambia anuse. Mume alinusa, akatikisa kichwa. Hayakuwa na kitu. Kisha akamwekea mbele chupa moja ya zile hafifu, iliyofungwa, vifaranga wawili wamelala juu ya migongo yao. Mume alikuwa fundi. Aliikamata chupa kwa mkono mmoja na kifuniko kwa mkono mwingine, akasokota.

Kichwa kilimrudi nyuma chenyewe. Alikohoa, akafumba macho, akayafumbua, akawatazama wale samaki wadogo. Akatazama maji, maji maangavu kabisa ambayo ungempa mgeni.

"Na hizi ndizo hafifu?" aliuliza.

"Ndizo."

"Hii ndiyo koki ambayo ningekuwa nafungulia mimi? Kila siku?"

Bi Mapovu alitaka kusema mengi. Kwamba pole, kwamba alijaribu, kwamba alitamani sana wangeishi. Alisema neno moja tu, ndiyo.

Mume akakirudisha kifuniko. Alikisokota taratibu hadi mwisho, kisha akakikaza tena kidogo kama anavyokaza kila bomba analolifunga, akajaribu kwa kidole kama pana kinachovuja. Akauliza wale wa maji matupu wako wapi. Alimwonyesha. Alizunguka meza nzima akiinama chupa baada ya chupa, na katika kila moja wawili walikuwa hai, wamechoka, wana njaa, lakini hai.

"Basi saini, mama watoto," alisema.

Saini aliiweka kwenye taarifa mpya mchana ule ule mbele ya mkuu, na taarifa ile ya kwanza ikatolewa kwenye droo ikachanwa. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo ambalo hakuweza kulisubirisha. Alizifungua chupa za maji matupu moja baada ya nyingine akawamimina wazima wake kwenye tangi kubwa, mume akimshikia ndoo, kisha akafika ukutani akawasha pampu. Mapovu yakapanda, chumba kikanguruma tena. Mume alisema kitu akiwa ameinamia tangi, hakusikika. Ikabidi arudie kwa sauti ya juu, karibu na sikio lake.

"Nimesema, viatu nitavivalia kazi nyingine."